Madini Yaliyogoma Kupanda

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuweka mzizi gizani na jani mwangani, akawapa viumbe wake wachache subira ya kuuliza, na akawapa wengi zaidi majibu kabla ya swali. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, na jamaa zake, na kila aliyewahi kumwagilia mche asijue kama utashika.

Baada ya hayo, nataka kueleza habari ya mizabibu ya mke wangu. Hapa Masumbwe, mkoani Geita, imekwisha kuelezwa na watu wengi, na sijamsikia hata mmoja aliyeieleza ilivyokuwa.

Mizabibu ile iko nyuma ya nyumba yetu, kwenye kiwanja cha kichanga ambacho zamani tulilima nyanya. Asili yake ni Dodoma. Dada yake mke wangu aliishi huko, alikuwa na mizabibu uani kwake, na mke wangu alipokwenda kumuuguza alirudi na fungu la vipandikizi alivyovifunga kwenye khanga iliyolowanishwa. Dada mtu hakupona. Tulimzika, na vipandikizi vikashika. Tangu hapo sijamsikia mke wangu akiiita mizabibu. Huiita wale wa dada. "Nakwenda kuwatazama wale wa dada," husema asubuhi, na chai yangu hungoja mpaka wamekwisha kutazamwa. Namshukuru Mungu, nimejifunza kuipenda chai ya vuguvugu.

Wale wa dada walistawi. Walizaa zabibu nyeusi, ndogo, tamu, tukazipeleka msikitini wakati wa futari, sahani kwa sahani. Hapo ndipo nilipowajua majirani zangu. Mimi nimefundisha watoto Kurani muda mrefu mpaka mji mzima, Waislamu na wasio Waislamu, wakazoea kuniita Ustadhi. Lakini mtu wa huku akisikia zabibu husikia Dodoma, na akisikia Dodoma husikia chupa ya mvinyo. Jirani yangu mmoja, Msukuma wa rika langu, Mkristo mwema asiyekosa kanisani, alinijia jioni moja na dumu tupu amelificha ndani ya koti.

"Mwadila, Ustadhi."

"Mwadila, ngosha. Karibu ukae," nikamwitikia salamu kwa Kisukuma chake.

"Sikai. Nimekuja kimya kimya, wala sitamwambia mtu. Nipimie lita moja tu. Ni ya tumbo."

Nilikwenda uani nikamkatia kishada kizuri. Alikishika akakitazama kama mtu aliyeomba ng'ombe akapewa majani.

"Hii mbichi nimeiona," akasema. "Ile iliyokwisha kukomaa iko wapi?"

Alikula zabibu zake hapo hapo, akashukuru, akaondoka na dumu. Naamini mpaka leo anajua nina pipa chini ya kitanda.

Misimu michache ilipita kwa heri, kisha wale wa dada wakaanza kuugua. Majani yalipauka katikati ya mishipa na kuungua kingo. Hayakuwa yote. Ilikuwa mistari ya katikati tu, kama nguo iliyomwagikiwa kitu, na kila msimu doa lile lilipanuka kidogo. Vishada vikabaki na punje chache zilizoachana kama meno yangu.

Mola alinipa washauri, nami namshukuru, kwa kuwa wamekuwa wengi kuliko zabibu. Mwenye duka la pembejeo alisema kabla sijamaliza kueleza, "Majani ya njano ni njaa hiyo, Ustadhi. Weka mbolea." Tukaweka. Magugu yalinenepa mpaka nikaanza kuyaonea haya kuyang'oa, na mizabibu ikazidi kukonda. Nikarudi kwake. "Haijashiba," akasema. "Ongeza." Alikuwa na dawa moja, na kwa bahati njema yake wagonjwa wote wa mji walikuwa na ugonjwa unaotibiwa na dawa hiyo. Mwingine akasema ni husuda, tufunge kitambaa chekundu kwenye nguzo. Mwenzangu wa msikitini akanishauri niisomee. Nikaisomea, maana kusoma ni kheri kwa hali yoyote, ingawa nilisoma nikijua kwamba Mola anayepokea dua ndiye pia aliyeumba majembe.

Siku moja mke wangu alisimama katikati ya doa, mikono kiunoni.

"Msimu huu wasipopona," akasema, "nawang'oa wote, mpaka walio wazima. Nilikaa nikamtazama dada akinyauka kitandani. Sitakaa tena."

Hakulia. Alikwenda kuniletea chai, na ilikuwa ya moto, nami nikajua mambo yamefika pabaya.

Binti yetu anaishi Nyahanga, mjini Kahama. Alipomsikia mama yake kwenye simu alitutafutia mtaalamu wa lishe ya mimea, mwanamke kijana mwenye kofia pana na adabu nyingi. Alifika, akatuamkia, akakaribishwa soda, akaikataa kwa upole, akaingia uani. Nilianza kumweleza habari za mbolea tuliyoweka.

"Baba, mlichoweka nitakiamini," akasema. "Mimi nataka kujua walichokula. Kingo zilizoungua hivi zinalilia potasi, kirutubisho cha udongoni."

Mizabibu ilikuwa inachanua wakati ule. Alikata vikonyo vya majani, yale yanayotazamana na vishada, kutoka kwenye mizabibu iliyougua, akavitia kwenye mfuko wake. Akaenda pembeni kwa ile mizima, akakata vikonyo vingine, mfuko mwingine. Kisha akachota udongo chini ya hii na chini ya ile.

Mke wangu hakupenda. "Hao wazima unawakatia nini? Hawajalalamika."

"Mama, ukimpima mgonjwa peke yake hujui amepungukiwa kiasi gani. Napima na ndugu yake aliyelala nyumba hiyo hiyo akaamka salama." Akafunga mifuko. "Jani likiwa na njaa na udongo una njaa, tunaleta chakula. Lakini jani likiwa na njaa na udongo umeshiba, basi chakula kipo jikoni na wa kukileta mezani ndiye mgonjwa. Huyo ni mzizi. Majani yatatuambia kama kuna haja ya kwenda kumtazama."

Mke wangu alirudia maneno yale mara mbili baada ya mgeni kuondoka. Jambo likimwingia yeye, halitoki.

Majibu yalikuja kwa simu, na sikio langu la kulia lilistaafu kabla yangu, kwa hiyo simu zote napokea kwa spika. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, nimekaa kwenye benchi la muuza kahawa karibu na msikiti. Benchi lilikuwa limejaa. Pembeni yangu alikaa mwenyekiti wa duara, yaani kiongozi wa kundi la wachimbaji wa dhahabu, kwa kuwa huku shimo la dhahabu huitwa duara hata likichimbwa la pembe nne. Ni bwana mwenye sauti ya chini na viatu vyeupe kwa vumbi la mawe.

"Shikamoo baba. Majibu yametoka."

"Marahaba mwanangu. Sema, nakusikia."

Kila mtu alimsikia.

"Udongo wako hauna tatizo kabisa. Una madini ya kutosha. Tena mengi, mpaka pale kwenye doa."

Vikombe vilivyokuwa njiani kwenda mdomoni vilisimama.

"Ila yako chini, baba. Hayapandi."

"Hayapandi?"

"Hayapandi. Kuna kitu huko chini kinayazuia. Chimbeni pembeni ya doa, taratibu, mtaona wenyewe. Mimi nakuja kesho."

Msomaji wa Tanga au Unguja anaweza kupita hapa asione kosa. Shuleni, madini ni virutubisho vilivyomo udongoni ambavyo mmea hunywa kwa mizizi. Kliniki, madini ni yale ambayo mama mjamzito huambiwa yamo kwenye mchicha. Lakini kutoka Geita mpaka Kahama, madini ni madini. Mtu akisema udongo una madini mengi, yako chini, chimbeni, hajaacha neno lolote kwa msemaji wa pili.

Benchi lilikwisha watu. Sikuona mtu akikimbia, kwa sababu watu wa huku wanaheshimu wazee, ila wote walikumbuka kwa pamoja kwamba wana shughuli. Muuza kahawa aliniachia birika lake, kitu ambacho hajawahi kukifanya hata akienda mazikoni. Mwenyekiti wa duara peke yake alichelewa kidogo ili anishike mkono.

"Mungu akubariki, Ustadhi," akasema. "Mwingine angeficha."

Nilifika nyumbani nikiwa wa mwisho. Uzio wetu ulikuwa umezungukwa na watu wenye sululu, koleo na kamba. Mama mmoja alikuwa amekwisha kuwasha jiko la maandazi kando ya njia, na hiyo ndiyo dalili ya kweli ya rashi, yaani mbio za kukimbilia dhahabu mpya, maana dhahabu inaweza isipatikane lakini wanaoitafuta hula kila siku. Mlangoni pa uani mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, kisu chake cha kupogolea mapajani.

"Shikamoo mama," mwenyekiti wa duara alikuwa anamwambia. "Tumekuja kwa heri."

"Marahaba. Heri gani inatembea na sululu?"

"Mzee mwenyewe ametangaza. Mtaalamu wenu amesema tuchimbe pembeni ya doa, taratibu."

Mke wangu alinitazama. Tumeoana siku nyingi, na yako macho yake ambayo sijayazoea.

"Ustadhi," akasema mwenyekiti, "wewe ni mtu wa dini, hatutaki maneno mengi. Udongo huu una madini au hauna?"

Nilitafuta jibu lingine lililo kweli, nikalikosa. "Una," nikasema.

"Mengi au machache?"

"Mengi, kwa kauli ya mtaalamu. Lakini ni potasi."

Kukapita mnong'ono. "Potasi ndiyo gani?" mmoja akauliza nyuma. "Mpya," mwenzake akamjibu. "Wazungu wanaitafuta sana."

"Inaliwa na mmea," nikaongeza haraka.

"Hata zebaki hula dhahabu," akasema mwenyekiti, na wenzake wakatikisa vichwa kama wanachuoni. Kila neno la kweli nililolitoa lilikuwa linanichimbia. Nimewahubiria vijana faida za ukweli maisha yangu yote, na sikuwahi kuwapa tahadhari kwamba unategemea sana msikilizaji.

"Hatukudhulumu, Ustadhi," akaendelea. "Juu ni kwako. Zabibu zako, majani yako. Chini ni mali ya taifa."

"Na mizizi?" mke wangu akauliza. "Iko juu au iko chini?"

Mwenyekiti wa duara ni mtu wa haki, hakukurupuka. Alitafakari.

"Mizizi, mama, iko mpakani."

Mke wangu akasimama. Nilidhani atawafukuza, na nilikwisha kutafuta pa kujificha ndani ya dua.

"Mnataka kuchimba," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Basi mtachimba. Ila ninapoonyesha mimi. Mtaanzia pembeni ya doa, kisha mtachimba na kule kwa wazima. Sululu zote zibaki nje, mtatumia vijembe na mikono. Na asitokee mtu wa kumkata dada yangu."

Wakatazamana. Kofia mbili zikavuliwa. "Mama, pole," akasema mmoja. "Kumbe kuna mtu amezikwa humo?"

"Hajazikwa. Yu hai, ndiyo maana nasema asikatwe."

Baada ya hapo walichimba kwa adabu ambayo sijapata kuiona kwenye shimo. Nilimvuta mke wangu kando kumuuliza amefanya nini. "Mtaalamu amesema tuchimbe taratibu," akanijibu. "Wewe mgongo huna, mimi goti sina. Mungu ameleta vijana na unanung'unika?" Nikaomba msamaha kwa Mola kwa kuchelewa kuitambua neema.

Wachimbaji wamezoea kufuata mkanda wa dhahabu ndani ya mwamba, na mzizi waliufuata hivyo hivyo, wakiufuta mchanga kwa vidole, wakitambaa. Mara mmoja akaita kutoka mtaroni kwa sauti ya kuzuia furaha.

"Mwenyekiti. Punje."

Ulikuwa mzizi wa mzabibu mgonjwa. Badala ya kuwa laini, ulikuwa umevimba vinundu vidogo vidogo mwili mzima, kama tasbihi iliyotungwa na mlevi. Walipeana kwa mikono miwili. Mwenyekiti akakitia kinundu kimoja menoni.

"Laini," akasema.

"Dhahabu nayo laini," mwenzake akamkumbusha.

Wakavitwanga, wakavitia kwenye karai na maji, na mwenyekiti akalizungusha lile karai kwa ufundi ambao ungeweza kuitoa dhahabu kwenye ugali. Maji yalimwagika kidogo kidogo mpaka chini pakabaki maganda ya mzizi. Akayatazama muda mrefu. Kisha akaamuru wachimbe kule kwa wazima, kama mama alivyosema.

Kule mizizi ilikuwa myeupe, laini, yenye nywele nyembamba zilizoshika mchanga.

"Hapa hakuna kitu," wakasema, wamekata tamaa.

Mke wangu alipiga magoti ukingoni kwa shida ya goti lake, akaugusa mzizi mmoja kwa kidole, akapeleka macho kule kwenye vinundu, akayarudisha. "Mmeona?" akasema polepole. "Wa kuleta chakula mezani ndiye mgonjwa." Wao hawakuona. Walifungasha vifaa, ila wachache waliomba radhi wakachukua ndoo za mchanga wakauoshe wenyewe, tukawaruhusu. Mama wa maandazi ndiye peke yake aliyepata faida siku ile.

Kesho yake mtaalamu alifika, akasimama juu ya mtaro, akauliza ni fundi gani amewachimbia vizuri namna hii. Mwenyekiti wa duara naye alikuwepo. Alisema amepita tu kusalimia. Mtaalamu alichukua mzizi wenye vinundu, akatueleza kwamba huo ni ugonjwa wa minyoo fundo. Ni minyoo midogo ambayo jicho haliioni, huingia mizizini, humo hujenga na kuzaa, na mzizi uliojaa vinundu hauwezi kupandisha chakula hata ukiulaza juu ya gunia la mbolea. Bila shaka ilikuwa humo mchangani tangu siku za nyanya zetu. Ndiyo maana majani yalikuwa na njaa juu ya udongo ulioshiba, na ndiyo maana doa lilipanuka mwaka hadi mwaka.

Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo madini yapo," akasema.

"Yapo."

"Mengi."

"Ya kutosha."

"Ila kuna walioko katikati, hawaonekani, wanayala kabla hayajafika juu."

"Unaweza kusema hivyo."

Akatikisa kichwa. "Basi ni kama kwetu," akasema.

Mke wangu alikuwa na swali moja. "Watapona?"

Mtaalamu hakuzunguka. Alisema waliomo ndani ya doa wang'olewe na mizizi yao yote, ichomwe moto, kwa sababu hakuna dawa itakayoimaliza minyoo ile mchangani. Mke wangu akaikunja khanga yake mkononi, akaikunjua. Nilisogea karibu naye.

"Lakini mama," akasema mtaalamu, "wadudu wako mizizini. Matawi hayana kosa lolote. Kata vipandikizi juu, nami nitakutafutia miche ya mizabibu ambayo minyoo hii haiiwezi. Tutabebesha. Mzizi utakuwa wa mwingine, lakini tawi, jani na zabibu vitakuwa vile vile vya dada yako."

Mke wangu aliingia ndani. Tulidhani amekwenda kulia. Alirudi na khanga iliyolowanishwa.

Alikata mwenyewe, tawi kwa tawi, akafunga. Wachimbaji walirudi kutusaidia kung'oa, na mwenyekiti wa duara ndiye aliyesimamia moto mpaka kinundu cha mwisho kikawa majivu. Wabeja sana, yaani ahsante nyingi, kwake; hakutaka hata soda.

Lilibaki jambo moja. Pale palipong'olewa, mtaalamu alituagiza tupapumzishe, tuweke samadi iliyoiva, na tupande mbangimwitu, lile gugu lenye harufu kali, kwa kuwa minyoo fundo hailipendi. Gugu lenyewe halina kosa, wala halina undugu na bangi. Lakini jina ni jina, na uzio wetu ni wa miti iliyoachana. Sikuwahi kuwa na wageni wengi kama mwezi ule. Yule jirani wa dumu alikuja jioni, safari hii mikono mitupu, akaninong'oneza kwenye sikio lililostaafu mpaka nikamwomba ahamie la pili.

"Nasikia umebadilisha biashara, Ustadhi. Sikulaumu. Ile ya kwanza hata mimi sikuipata."

Nilimkatia kishada kutoka kwa wale wazima. Alikula, akashukuru.

Miche iliyobebeshwa ilishika, si yote, ila ya kutosha. Imepandwa upande wa pili wa nyumba, mbali na mahali pa nyanya. Msimu huu ilipochanua, mtaalamu alikuja akakata vikonyo vyake na kuchota udongo wake, kama mwanzo. Safari hii mke wangu alisema namba ya kupigiwa iwe yake. Simu ilipolia aliichukua akaingia chumbani, akafunga mlango, nami nikabaki barazani na sikio langu moja, ambalo halikusaidia.

Alipotoka alisimama kando yangu. Alingoja mama wa maandazi apite na beseni lake na kupotea nyuma ya uzio. Kisha akainama mpaka midomo yake ikanifikia.

"Yamepanda," akasema.

Akachukua ndoo, akaenda kuwapelekea maji wale wa dada. Chai yangu ilipoa, nikainywa hivyo hivyo, nikaiona tamu.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mola akupe riziki pamoja na njia safi ya kukufikia, akukinge na kinachokutafuna mahali usipopaona, akuletee wa kuchimba nawe taratibu, na kila tawi ulilolirithi kwa uliyempenda alipatie mzizi wa kulibeba. Amina.